Kusasisha ruta: ubaki na mipangilio ya zamani au uanze upya?

Njia ya kwanza ni kusasisha programu dhibiti (firmware, programu inayoendesha ruta yenyewe) na kuacha mipangilio ilivyo. Ruta ikishawaka tena, jina la Wi-Fi na nenosiri ni yaleyale, na vifaa vyote vinaunganika vyenyewe. Kwa toleo dogo la kuziba mianya ya usalama, sioni sababu ya kujisumbua zaidi.

Ya pili ni kusasisha, kufuta kila kitu hadi hali ya kiwandani, kisha kujaza upya kwa mkono. Inachosha, hasa kama ulivitengea vifaa anwani za IP (namba zao kwenye mtandao) na kufungua poti kadhaa (milango ya kupitisha data kutoka nje). Lakini toleo likiruka hatua kubwa, hii ndiyo salama. Muundo wa faili la mipangilio ukibadilika, mambo ya zamani hukaa pasipo pake: Wi-Fi inakatikakatika, na huoni ujumbe wowote wa kosa. OpenWrt, programu dhibiti huria ya ruta, toleo la 21.02 la 2021, ni mfano mzuri. Kwenye ruta zilizohamia mfumo mpya wa kusimamia swichi (sehemu inayounganisha matundu ya kebo), mipangilio ya awali haikufaa kubebwa.

Wengi hudhani nakala rudufu ya mipangilio inamaliza ubishi huu. Wapi! Ukiirudisha baada ya kufuta, umerudi njia ya kwanza kwa mlango wa nyuma. Ipakue hata hivyo, huenda ukalazimika kurudi toleo la zamani. Kisha piga picha kurasa za mipangilio, ukianza na ile yenye jina la mtumiaji na nenosiri ulilopewa na mtoa huduma wa intaneti, maana bila hayo hutakuwa na intaneti ya kutafutia msaada.