Unapanda Lushoto masika hii? Soma hapa kabla hujanunua kiatu

Wagosi, kila masika ikikaribia napata meseji zile zile, mtu yuko Dar au yuko hapa hapa Tanga mjini anataka kwenda Lushoto wikiendi, afike Irente apige picha, aingie msitu wa Magamba, afu anauliza anunue kiatu gani na mfukoni ana elfu hamsini. Naandika mara moja hapa nisirudie rudie. Usambara nimeipanda na karibu kila kitu kinachovalika mguuni, mpaka njumu za kuchezea mpira (nitafika huko), na hii ndo listi yangu kuanzia kinachofaa mpaka cha kukimbia.

Jua kwanza unakutana na nini. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na ile kazi ya kutoka Mombo, kilomita 33 za kona tupu, basi imekufanyia, wewe unaanza pale lami inapoisha. Udongo mwekundu wa kule ukikauka ni sakafu, ukilowa ni sabuni, afu unaganda chini ya kiatu mpaka unajikuta umerefuka. Watu wengi wanashindwa na hilo tope, mlima wenyewe unapandika tu. Kwa hiyo kabla hujaangalia rangi wala jina, geuza kiatu. Meno ya soli yawe marefu, milimita nne tano hivi, na yawe yameachana, maana yakisongamana yanabeba tope halitoki na hatua ya tano unatembelea udongo juu ya udongo. Angalia pia yameelekea wapi, ya vidoleni yakabe ukijisukuma kwenda juu, ya kisigino yageuke yakushikilie ukishuka.

Kuna wazungu wanaoteleza na ubao kwenye theluji, wale wasiotaka kupanda mlima na lifti, nimewaona kwenye video mpaka nikasahau chai yangu, ubao wao unagawanyika vipande viwili kwa urefu, kila mguu kimoja, wanabandika chini utepe wa manyoya yaliyolala upande mmoja, ukisukuma mbele unateleza, ukitaka kurudi nyuma manyoya yanang'ata theluji. Zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli, yule mnyama wa baharini, siku hizi ni mohea (manyoya ya mbuzi) au nailoni. Wakifika juu wanabandua, wanaunganisha ubao, wanashuka nao. Basi hata sisi wa tope kiatu tunachotafuta ni hicho hicho, kinachogoma kurudi nyuma.

Namba moja kwangu ni raba za kukimbilia milimani, za mtumba. Najua wengi mlitegemea niseme mabuti. Kiatu chepesi kinakuokoa, kwa sababu uzito wa mguuni unaubeba kila hatua na unachosha kuliko uzito huo huo ukiwa mgongoni, mtu mwenye mabuti ya kilo moja na nusu akifika juu ananuna wakati mwenzie anaomba mahindi ya kuchoma. Zikilowa zinakauka haraka. Ila usidanganywe na ile tegi ya kuzuia maji, Goretex na wenzake, kwa theluji ni sawa, lakini kwa mvua yetu maji yanaingilia juu kwenye soksi, na yakishaingia hayana pa kutokea, unatembea na bwawa. Chukua ya wavu wavu. Mimi zangu nilizipata Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa elfu 35, muuzaji aliniambia 50, nikakaa chini nikaanza kuongelea mambo mengine mpaka akachoka mwenyewe.

Namba mbili mabuti ya kupandia, ya mtumba pia, ukiwa na mzigo mgongoni au kifundo chako kishawahi kuteguka. Hapa nataka mnisikilize vizuri maana nimeumia. Mwaka fulani nilinunua buti kwa jamaa mmoja, ngozi safi inang'aa, soli haijalika hata kidogo, yaani kama halijavaliwa, nikajiona nimeokota dhahabu. Njiani kwenda Irente, hata jasho halijatoka, nikasikia kitu kinapiga makofi nyuma yangu, kuangalia ni soli ya kulia imebaki imeshikwa kidoleni tu. Waja leo waondoka leo. Mzee mmoja alikuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe akasimama akaniangalia, akasema, "Mjukuu wangu, kiatu kimechoka kabla yako." Akachomoa kamba ya katani kwenye mzigo wake akanipa, nikaifunga mara tatu kuzunguka buti, na ndo nilivyorudi nayo mpaka Lushoto mjini.

Kumbe tatizo lilikuwa hilo hilo la kutovaliwa. Kati ya ngozi na ile soli ngumu ya chini kuna sponji, na kwenye mabuti mengi ni ya poliyurethani, sasa hiyo inaoza yenyewe kwa unyevu, kiatu kikikaa stoo miaka kinaharibika hata kama hakijakanyaga nje, na joto la pwani yetu halisaidii. Kwa hiyo buti la mtumba jipya jipya ndo la kuogopa zaidi. Likunje kwa nguvu, angalia pembeni mwa sponji kama kuna mipasuko myembamba kama nywele, afu bonyeza na ukucha wa dole gumba: ikirudi, sawa, ikibaki na shimo au ikitoa unga unga, mrudishie mwenyewe na umuage vizuri. Gundi ya fundi haiokoi hapo, utabandika kwenye unga.

Chini ukiona alama ya njano yenye pembe nane imeandikwa Vibram, ni dalili nzuri. Soli hiyo ilianzishwa na Muitaliano Vitale Bramani, rafiki zake sita walikufa mlimani mwaka 1935, viatu vyao havikufaa, yeye akaja na soli ya mpira yenye meno mwaka 1937. Ila chunguza, alama inaweza kubandikwa na yeyote.

Namba tatu gambuti. Wenyeji wengi wa kule shambani masika wanavaa hizo, na wao ndo wanaoishi kwenye hilo tope, kwa hiyo usicheke. Kwa saa moja mbili ni tamu, kwa siku nzima kisigino kinapanda na kushuka ndani mpaka unapata malengelenge. Vaa soksi mbili.

Katambuga naiweka ya nne kwa heshima. Tairi halichakai, linashika mwamba, bei ni ya chai na maandazi, lakini kwenye tope mguu unateleza ndani ya kiatu wakati kiatu chenyewe kimesimama.

Njumu sasa. Kwenye tope la kupanda zinakaba ajabu, kweli nilipita watu. Afu nikafika kwenye jiwe lililolowa. Sitaki kuliongelea.

Mwisho kabisa ni zile raba feki mpya za dukani zenye soli laini kama chapati, na yeboyebo, hizo vaa ukifika gesti.

Kupima nenda jioni, mguu ukiwa umevimba na joto la siku, na beba soksi zile zile nene utakazopandia. Ongeza namba moja au nusu, maana kushuka ndo kunaua kucha, vidole vinagonga mbele njia nzima. Kamba zilegeze kidogo juu wakati wa kupanda, ukianza kushuka simama ukaze kwenye kifundo. Fimbo chukua, ya kukata tu inatosha, urefu wake kiwiko kikunje kama pembe ya meza. Ukikuta zile za mtumba zinazorefuka, jiegemeze uzito wako wote pale pale mbele ya muuzaji, ikizama ni bora izame Ngamiani.