PLOS ONE: jarida ninalowaelekeza wahadhiri wetu, na tahadhari zake

Kila muhula wahadhiri wachanga huja maktaba kuniuliza kama jarida fulani ni la kweli au la kitapeli. Wengi huanzia kwenye namba: linanukuliwa kiasi gani? Mimi huanza kwa kuuliza limewahi kukataa nini.

Kwa swali hilo PLOS ONE ina jibu zuri. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mpitiaji makini, yaani mtaalamu anayekagua makala kabla haijachapishwa, angeyaona, akaituma kwa majarida huria 304, yale yanayosomwa bure. Majarida 157 yaliikubali. PLOS ONE iliikataa, tena ndiyo pekee iliyohoji maadili ya kutumia wanyama katika utafiti huo. Kisa hiki huwasimulia wote wanaodhani kwamba jarida la bure kwa msomaji ni jarida la ovyo.

PLOS ONE ilianza 2006 chini ya shirika la Marekani lisilotafuta faida, na huchapisha kazi iliyofanywa kwa njia sahihi hata kama matokeo yake hayamshangazi mtu. Aliyepima dawa ya minyoo kwa wanafunzi akakuta haikuleta tofauti ana pa kuipeleka kazi yake. Napenda sana jambo hili, maana matokeo ya namna hiyo yakibaki kabatini, mwingine atapoteza fedha kuyatafuta upya.

Ila si kila mhariri wake ni makini. Mwaka 2016 ilipita makala kuhusu mkono wa binadamu iliyoeleza muundo wake kuwa kazi ya Muumba. Wasomaji walipolalamika, jarida liliifuta rasmi, na tangazo la kufutwa unaweza kulisoma hadi leo. Nalihesabu kosa hilo kuwa kubwa, lakini jarida la kitapeli lingenyamaza.

Kinachonivutia zaidi ni barua za wapitiaji. Tangu 2019 mwandishi anaweza kuruhusu zichapishwe pamoja na makala yake. Zitafute katika makala za fani yako, uzisome kabla ya kutuma chochote. Utaona kama mpitiaji aliuliza sampuli ilichaguliwaje, au aliandika mistari miwili ya sifa akaondoka. Hakuna kipimo cha manukuu kitakachokuambia hayo.

Ada ya kuchapisha makala sasa imepita dola 2,000, mzigo mzito kwa mshahara wa mhadhiri. Tanzania imo katika nchi zinazosamehewa, mradi angalau nusu ya fedha za utafiti iwe imetoka katika nchi zinazostahili msamaha huo. Mradi uliofadhiliwa na Ulaya, dai ada kwa mfadhili. Omba msamaha wakati uleule wa kuwasilisha makala. Wahariri na wapitiaji hawaoni nani ameomba.