Uzoefu wangu: Tohatsu ya farasi 6 kwenye boti ya tanga

Natumia mashine ya boti ya Tohatsu ya mipigo minne, farasi 6, shafti (mguu unaoshuka majini hadi propela) ya inchi 25, kwenye boti ya tanga ya futi 22 inayolala nangani Msasani, Dar es Salaam. Kwa kutoka na kuingia, na kurudi toka kisiwa cha Bongoyo upepo ukikatika, inatosha kabisa. Bahari ikiwa shwari, ekseleta nusu, inakula kama lita moja na nusu kwa saa. Naipenda na ningeinunua tena. Wanaosema mashine hizi ndogo ni ngumu kuwaka, mara nyingi lawama ni ya petroli iliyolala.

Kwanza shafti, maana hapo ndipo watu wanakosea dukani. Usichukue fupi kwa sababu bei imeshuka. Boti ya tanga hunyanyua tezi (sehemu ya nyuma) inapokata mawimbi ya kusi. Propela ikitoka majini mashine inapiga kelele bila kusukuma, na tundu la maji ya kupoza linavuta hewa.

Kuwasha kuna utaratibu wake. Fungua skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ukiisahau, mashine itawaka na kutembea dakika kadhaa, kisha itazima kama imeishiwa mafuta, na kile kipira cha kupampia utakikuta kimenywea. Shika kipira wima, mshale ukitazama juu, bonyeza mpaka kiwe kigumu. Weka gia nyutro. Ikiwa kwenye gia kamba haivutiki, na wengi hudhani mashine imekwama. Chomeka klipu ya kamba ya usalama (ile ambayo ikichomoka mashine inazima), vuta choki, weka ekseleta kwenye alama ya kuwashia. Vuta kamba taratibu mpaka uhisi uzito, hapo ndipo uvute kwa nguvu, mkupuo mmoja mrefu, kisha uisindikize kurudi ndani. Kwa joto la Dar choki si ya kung'ang'ania: ikikohoa tu, irudishe. Mashine ikiwa bado ya moto usiiguse choki.

Ukisikia harufu kali ya petroli, umeshaizamisha kwa mafuta. Chomoa klipu, rudisha choki, fungua ekseleta yote, vuta mara sita. Rudisha klipu ujaribu tena. Ikigoma, fungua plagi uikaushe.

Sasa kabureta, mama wa matatizo yote. Dalili ni hii: inawaka choki ikiwa imevutwa, ukiirudisha inazima. Hapo jeti (kipande chenye tundu la kupitisha mafuta) ndogo ya sailensa, yaani ya mwendo wa polepole, imeziba. Funga mafuta, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge petroli kwenye chupa inayoonyesha. Kama kuna maji utayaona yameshuka chini, matone yanaviringika kama shanga. Fungua bakuli, toa jeti, ielekeze kwenye jua: unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Isipokuwa hivyo, ipulizie dawa ya kabureta na upitishe uzi mwembamba wa nailoni wa mshipi wa kuvulia. Mafundi wengi hutumia waya. Waya unakwaruza shaba, tundu linapanuka, na tangu hapo mashine inakula mafuta na kuchafua plagi. Kinga yake ni rahisi. Kama hutoki kwa zaidi ya wiki mbili, mwaga bakuli kwa ile skrubu. Kuchomoa mpira wa mafuta na kuiacha izime yenyewe hakutoshi, kuna kiasi kinabaki chini, na hicho ndicho kinachokauka kuwa gundi.

Plagi ni DCPR6E, mwanya milimita 0.8 hadi 0.9. Usikubali kupewa D8EA ya pikipiki eti tundu ni lilelile. Kweli nyuzi ni za milimita 12 na itaingia, lakini ni ya baridi zaidi, kwa mwendo wa polepole itajaa masizi. Nunua mbili, moja ikae botini.

Oili ya injini ni mililita 450, 10W-30 au 10W-40. Chupa za madukani ni za nusu lita au lita, na fundi akiona nusu lita anamimina yote. Zile 50 za ziada zinaweza kupanda kwa njia ya pumzi mpaka kabureta, na mashine itoe moshi. Badilisha baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100 au miezi sita. Chujio la oili halina. Ukiibeba, ilaze upande ule kitabu chake kinaouonyesha, si mwingine, la sivyo oili inaingia kwenye silinda.

Ikishawaka tazama mkojo wake, yaani mchirizi wa maji ya kupoza. Usipotoka, zima papo hapo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, lakini vipande vya nailoni bado vinaelea na kufunika tundu la kuvutia maji. Kama tundu liko safi, basi ni impela, kigurudumu cha mapezi ndani ya pampu ya maji. Ni ya mpira. Kuiwasha nje ya maji hata kwa nusu dakika kunaiunguza mapezi. Mimi hubadilisha kila mwaka.

Kila ikitoka baharini naiosha dakika kumi kwenye pipa la maji baridi, gia nyutro, maji yakifunika pampu. Onja maji kwanza: visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na hapo unakuwa umeosha chumvi kwa chumvi. Skrubu za kubania kwenye boti zipake grisi, zisipopakwa zinaganda na zinafunguka kwa nyundo tu. Zinki (kipande cha madini kinacholiwa na chumvi badala ya mashine) usiipake rangi, na ikiliwa nusu ibadilishe.

Oili ya gia ni mililita 195, 80W-90. Pampia kutoka tundu la chini mpaka itoke la juu, funga la juu kwanza. Ile ya zamani ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia: toa propela, mara nyingi utakuta mshipi umejizungusha kwenye shafti ya propela na kukata sili.

Kwa mvuvi anayetembea siku nzima kwa kasi, Yamaha Enduro ya mipigo miwili bado ina mantiki, vipuri viko kila pahala. Kwa mwenye tanga anayehitaji mashine nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, chukua hii, na uombe propela ya pichi ndogo (inayosonga kidogo kwa kila mzunguko) palepale dukani.