Tathmini ya Maamuzi ya Bodi ya Rufaa za Wanajeshi Wastaafu, Marekani

Bodi ya Rufaa za Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, inayoamua rufaa za madai yao ya fidia na mafao, huchapisha maamuzi yake mtandaoni, bila majina ya waombaji, na kwa yeyote anayemsaidia ndugu aliyelitumikia jeshi hilo, hii ni hazina ya bure.

Kinachonivutia zaidi ni mpangilio wa uamuzi wenyewe: kwanza amri, kisha mambo yaliyothibitika, kisha hitimisho la kisheria, na mwisho sababu, ambamo jaji hulazimika kueleza kwa nini ameiamini ripoti ya daktari mmoja na kuiacha ya mwingine. Katika madai ya mvumo masikioni, kwa mfano, maelezo ya askari mwenyewe hupewa uzito, kwa kuwa hakuna aujuaye mvumo huo kumshinda anayeusikia; na ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inaagiza shaka hiyo imnufaishe mwombaji. Kanuni hiyo ni ya haki, nami ninaiheshimu sana.

Kasoro ipo. Mashauri mengi hurudishwa ngazi ya chini ili uchunguzi wa kitabibu ufanywe upya, na mzee mgonjwa huendelea kusubiri. Mageuzi yaliyoanza Februari 2019 yaliongeza njia za kukata rufaa, lakini anayeomba kusikilizwa na jaji bado husubiri zaidi kuliko anayeridhia jalada lake lipitiwe kama lilivyo. Tena, uamuzi wa shauri moja haulifungi jingine. Yasome ili ujifunze hoja, na ukishindwa, una siku 120 za kupeleka rufaa katika mahakama maalumu ya madai hayo.