TAHADHARI: Baiskeli za "kaboni" za bei ya kutupa zinazozungushwa Mwanza

Kuna muuzaji anazungusha picha za baiskeli za mbio kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook, kuanzia Mwanza hadi Musoma na Bukoba. Maelezo ni yaleyale kila mara: mtumba wa Ulaya, fremu kaboni tupu (nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, si chuma), gia Shimano 105, laki tisa na nusu, maongezi yapo. Jina la ukurasa hubadilika na namba ya simu hubadilika, lakini sakafu ya vigae inayoonekana kwenye picha ni ileile. Anafungua mazungumzo kwa "Mwangaluka" ili umwone mtu wa nyumbani, hata kama ni saa tatu usiku. Msukuma gani anatoa salamu ya asubuhi saa tatu usiku?

Anapiga kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kishika uchumba. "Kaka, hii ina wateja wawili, mmoja yuko njiani anatoka Geita. Weka hata laki na nusu nikushikie, iliyobaki utamalizia ukishaipokea." Ukituma, kesho yake mzigo "umeshapanda basi", unaletewa picha ya risiti ya kifurushi, kisha inadaiwa pesa ndogo ya kutolea mzigo. Baada ya hapo unablokiwa. Kabla hujabonyeza kuthibitisha, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Likiwa si lake na akajibu kwamba hiyo ni laini ya shemeji, futa muamala hapohapo. Akisema mzigo uko njiani, nenda mwenyewe stendi: Nyegezi kwa mabasi ya upande wa Shinyanga na Dar, Nyamhongolo kwa ya upande wa Musoma. Ulizia kwa namba ya risiti kwenye ofisi ya basi husika. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye hiyo picha usiipige, maana anayepokea ni yeye.

Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu baiskeli ipo kweli na utaipanda, ila si ile anayoisema: ni alumini iliyopewa jina la kaboni, au ni kaboni iliyopasuka. Anakukutanisha nayo jioni giza likiingia, ana haraka, kuna "mtu anamsubiri Igoma". Dawa yake ni moja: asubuhi, mahali penye mwanga, na baiskeli ipimwe. Akikataa asubuhi, mmemalizana.

Anza na mizani. Mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki pale Mwaloni Kirumba inatosha kabisa. Ning'iniza baiskeli kwa pua ya siti. Baiskeli ya mbio ya kaboni iliyokamilika huwa kati ya kilo 7.5 na 8.5. Ya alumini yenye uma wa kaboni (ile panda inayoshika gurudumu la mbele) huwa kilo 9 hadi 10.5. Ikigonga 12 au zaidi, hapo kuna chuma, au alumini nzito yenye magurudumu ya bei rahisi. Angalia kama pedali zimefungwa, kwani kuzitoa ni mchezo wake wa kawaida, na jozi moja hubeba gramu 300 hadi 400. Hata hivyo mizani peke yake haihukumu: fremu nzuri iliyofungwa magurudumu mabovu inaweza kuongezeka kilo nzima.

Halafu kuna ile picha ya karibu ya stika iliyoandikwa "carbon". Itazame vizuri, mara nyingi imepigwa kwenye mguu wa uma wa mbele. Stika hiyo si ya uongo! Baiskeli nyingi za alumini hutoka kiwandani zikiwa na uma wa kaboni, na stika inausemea uma tu. Yeye anaitumia kuuzia fremu nzima. Mwambie apige picha pale bomba la chini linapokutana na bomba la mbele linaloshika uma, na pale chini krenki (mikono ya pedali) zinapopita. Fremu ya alumini kwa kawaida ina mshono wa kulehemu kama ukanda wa sarafu zilizolaliana. Kaboni haina mshono wa kulehemu, bomba moja linayeyukia kwenye jingine.

Zipo fremu ambazo mshono umezibwa kwa puti ya magari, ikapigwa msasa, ikapuliziwa rangi, wakati mwingine ikafunikwa stika yenye mchoro wa nyuzi zilizosukwa. Pitisha kucha ukingoni mwa huo mchoro. Stika ina ukingo unaoinuka, hasa karibu na skrubu za kushikia chupa ya maji, ambako haiwezi kujikunja vizuri.

Usikubali jaribio lake la sumaku. Anatoa sumaku mfukoni, anaigusisha kwenye fremu, haishiki, anakuambia "umeona, kaboni hiyo". Sumaku haishiki alumini pia. Inachokuthibitishia ni kwamba fremu si ya chuma cha kawaida, basi.

Kipimo kisichodanganya ni kuitoa siti. Chukua spana za L, ya milimita 4 na ya 5, legeza kibano, vuta bomba la siti hadi litoke lote, kisha mulika ndani ya fremu kwa tochi. Kaboni ni nyeusi ndani, haijalainishwa, pengine unaona mikunjo ya nyuzi. Alumini inang'aa kijivu. Akikwambia siti haitoki kwa sababu "imekaza tu", mwamini, ila usinunue. Bomba la alumini lililokaa miaka ndani ya fremu bila grisi hushikana kwa kutu. Kwenye kaboni, kulitoa kwa nguvu ni kupasua fremu, na kuliacha ni kuendesha kwa kimo cha siti cha mtu mwingine.

Tuseme ni kaboni kweli. Sasa ndipo kazi inapoanza, maana fremu ya kaboni ya bei hiyo mara nyingi imewahi kugonga kitu. Chuma hupinda kwanza na kukupa taarifa. Kaboni iliyopasuka inaweza kubeba leo na kesho, kisha ikakatika ghafla mara moja, na mteremko wa Bugando si mahali pa kulijua hilo. Futa vumbi, mulika kwa ulalo, na pitisha kipande cha pamba taratibu: chini ya bomba la chini, kwenye bomba mbili za nyuma karibu na cheni, kuzunguka kibano cha siti, na pale uma unapogawanyika kuwa miguu miwili. Pamba ikinasa nyuzi, pamepasuka. Gonga kwa sarafu ukisogea sentimita moja moja. Mlio uwe mkavu na uleule, na ukipita sehemu ukageuka bubu kama kugonga kadibodi, tabaka za ndani zimeachana. Sauti hubadilika pia pale fremu inapokuwa nene, kwa hiyo linganisha kulia na kushoto kabla hujapiga kelele.

Rangi mpya kwenye baiskeli kuukuu iulizwe maswali. Angalia ndani ya matundu ya skrubu na sehemu nyaya zinapoingia. Rangi ya kiwandani haijai kwenye nyuzi za skrubu, rangi ya kopo inajaa.

Ukibaki na muda wa kukagua sehemu moja tu, kagua shina la uma, lile bomba linalopanda ndani ya fremu na kushikwa na shingo ya usukani. Halionekani mpaka ufungue. Shikilia uma kwa chini, toa kofia ya juu (spana ya 5 kwa nyingi), legeza skrubu mbili za shingo, vua usukani ukae pembeni, teremsha uma kidogo. Kama shina ni la kaboni, tafuta mstari mweupe au mchubuko wa kuzunguka pale shingo ilipobana. Hutokana na mtu aliyekaza kwa nguvu za bega. Skrubu hizo kwa kawaida hazihitaji zaidi ya Nm 5 au 6 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Shina likikatika ukiwa mwendoni, usukani unabaki mikononi mwako na gurudumu linaelekea linakotaka. Kuna magari makubwa barabara ya Usagara, na upepo wa ziwa ukivuka daraja la Kigongo–Busisi hausubiri mtu ajipange.

Gia. "105" ni jina la daraja la kati la gia za Shimano, namba ndiyo kitambulisho. Geuza baiskeli, usome nyuma ya kile kifaa kinachohamisha cheni kwenye gurudumu la nyuma na upande wa ndani wa krenki. R7000 ni 105 ya gia 11. R3000 ni Sora ya gia 9, R2000 ni Claris ya gia 8. Hesabu spoketi za nyuma, idadi ilingane na namba iliyoandikwa, na leva za usukani ziwe za idadi hiyohiyo. Leva ya 8 kwenye spoketi 9 itaruka maisha yake yote, hakuna fundi wa kuirekebisha kwa kukaza waya. Sora na Claris, zilizo chini ya 105, si mbaya hata kidogo, ni gia za kufikia Musoma bila wasiwasi. Ubaya ni kuzilipia bei ya 105.

Ukikuta amefunga krenki za daraja la juu zaidi, simama. Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi na ubadilishaji wa krenki za Ultegra FC-6800 na FC-R8000 na za Dura-Ace FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019. Mkono wake umeunganishwa kwa gundi vipande viwili, na gundi ikiachia vipande vinatengana. Kwenye nchi zilikouzwa mara ya kwanza, krenki mbovu hubadilishwa. Baadhi ya zile zilizoondolewa haziishii jalalani, na mtumba ni mtumba. Namba ya modeli iko ndani ya mkono, pamoja na herufi mbili za muda wa kutengenezwa. Tafuta ufa mwembamba kwenye kiungo cha vipande viwili na usikilize mlio wa kukwaruza unapokanyaga kwa nguvu.

Cheni pima kwa rula ya inchi. Pini ya kwanza ikae kwenye sifuri, pini ya 25 iangukie inchi 12 kamili. Ikipita milimita 1.5, cheni imekwisha. Ikipita 3, imeondoka na spoketi zake, na hizo ndizo pesa. Rimu za breki za mpira zipitishie kidole: zikiwa na bonde, ukuta wake umeliwa na unaweza kupasuka kwa presha ya tairi.

Anapenda pia kusema "tairi zake zipo kila duka". Hazipo. Soma ubavuni mwa tairi: baiskeli za mbio za kisasa ni 622 (kipenyo cha rimu kwa milimita), kwa mfano 25-622. Tairi za Phoenix za inchi 28 kwa 1½ ni 635, na tofauti hiyo ya milimita 13 haivutwi wala kupunguzwa. Mbaya zaidi, baadhi ya magurudumu anayouza ni ya tairi zilizoshonwa na kugundishwa kwenye rimu. Rimu hizo hazina kingo za kushika tairi ya kawaida. Ukipata pancha Magu, fundi wa kandokando ya barabara atakuangalia tu.

Ulizia namba ya fremu, kwa kawaida iko chini krenki zinapopita. Ikiwa imekwanguliwa, acha. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na "nilinunua mtandaoni" si risiti.

Aliyekwishatuma pesa apige simu huduma kwa wateja ya mtandao wake dakika hiyohiyo na kuomba muamala uzuiwe, kabla pesa haijatolewa kwa wakala. Kisha ripoti namba iliyopokea pesa kwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kwa SMS kwenda 15040, kutuma ni bure. Chukua RB (namba ya taarifa yako) kituo cha polisi ukiwa na picha za skrini za mazungumzo, jina lililotokea kwenye muamala na namba yake ya kumbukumbu. Mazungumzo usiyafute kwa hasira, ndiyo ushahidi wenyewe.

Zinazozunguka kwa sasa ni tatu. Nyeusi isiyong'aa, saizi 56, stika ya nyuzi kwenye bomba la juu tu, puti imeanza kupasuka chini ya krenki. Nyekundu yenye uma mweupe usio wake, kofia ya shingo haina skrubu. Ya tatu ni ya bluu, saizi 52, imeuzwa angalau mara mbili na kurudishwa. Ukivua utepe wa usukani upande wa kulia utaona mkono wa alumini umepinda, na chini ya leva kuna ufa wa urefu wa ukucha uliojazwa gundi ya super glue.