Mbolea ya maharage: ununue ipi kwanza, na kwa mbegu gani

Kuna wanaoamini maharage hayahitaji mbolea kwa sababu "yanajitengenezea" yenyewe, na kuna wanaoyamwagia urea kama mahindi. Wote wanapata hasara, ila wa pili hasara yao ina stakabadhi.

Nimepanga mbolea zinazopatikana kwenye maduka ya pembejeo ya Tanzania kuanzia ile ambayo ningeinunua kwanza hadi ile ambayo ningeiacha dukani. Kipimo changu ni kimoja: shilingi unayotoa inarudi kama punje, au inaishia kwenye majani? Jibu linategemea sana aina ya maharage uliyopanda, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Maharage yanakula nini hasa

Zaidi ya asilimia 20 ya punje kavu ya harage ni protini, na protini haijengeki bila naitrojeni. Ukivuna magunia manne ya kilo 100 kwenye ekari moja, umeondoa shambani kama kilo 14 za naitrojeni kwenye punje peke yake. Hizo zimetoka kwenye udongo, kwenye mbolea, au hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi.

Bakteria hao wapo, lakini harage ni mvivu kuwatumia ukililinganisha na soya au kunde. Tena vinundu havianzi kazi siku mche unapochomoza. Vinachukua wiki mbili hadi tatu, na katika kipindi hicho mche unategemea akiba ya mbegu na kilichomo ardhini. Kwenye udongo uliochoka utaona majani yanageuka njano kabla ya palizi ya kwanza. Pengo hilo ndilo unaloliziba kwa naitrojeni ya kupandia: kilo 8 hadi 12 kwa ekari, basi. Ukizidisha, mmea unaona chakula kipo bure na hautengenezi vinundu vya kutosha. Hapo umelipia kitu ambacho ungepewa na hewa.

Kirutubisho cha pili, ambacho kwa maharage mimi nakiweka cha kwanza, ni fosforasi. Bakteria wanakula nishati nyingi, na pasipo fosforasi vinundu vinabaki vichache na vidogo, mizizi mifupi, maua machache. Kwa hiyo mbolea nzuri ya maharage ni ile yenye fosforasi nyingi na naitrojeni kidogo.

1. DAP

Mfuko wa kilo 50 wa DAP (daiamonia fosfeti) una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi (kwa kipimo kinachoandikwa kwenye mfuko, yaani P2O5). Linganisha na nilichosema hapo juu: mfuko mmoja kwa ekari unakupa naitrojeni ya kuanzia bila kuzidi, na fosforasi ya kutosha. Hakuna mbolea nyingine sokoni inayoendana na maharage kwa urahisi hivi. Asiye na hela ya mfuko mzima anunue nusu, aiweke kwenye mistari badala ya kuirusha shamba zima.

Kwa mistari iliyoachana sentimita 50, ekari moja ina karibu mita 8,000 za mistari, hivyo mfuko mmoja ni gramu 6 hivi kwa kila mita. Kizibo cha soda kilichosawazishwa kinabeba karibu gramu 5. Weka mbolea, funika kwa udongo, ndipo uweke mbegu. DAP ikigusana na mbegu hutoa amonia inayounguza, na mashimo matupu utakayoyaona baadaye utailaumu mbegu bure.

Udhaifu wake: haina kalsiamu, na ukiitumia miaka mingi kwenye udongo wenye tindikali unauongezea tindikali.

2. Minjingu Mazao

Inatokana na mwamba wa fosfeti unaochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, ikaongezewa naitrojeni na virutubisho vingine. Mfuko una asilimia 10 ya naitrojeni na 20 ya fosforasi, yaani kilo 5 na kilo 10. Kwa hesabu ya mfuko kwa mfuko ni ndogo kuliko DAP, hivyo isipokuwa bei yake imeshuka vya kutosha, DAP inaishinda.

Ila kuna mahali ambapo ningebadilisha mpangilio bila kusita. Fosfeti ya mwamba huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na inakuja na kalsiamu ambayo udongo huo unaililia. Kama shamba lako liko nyanda za juu zenye mvua nyingi na kipimo cha pH (tindikali ya udongo) kimesoma chini ya 5.5, hii inapanda kuwa namba moja. Arusha au Manyara kwenye udongo wa magadi, iache. Itakaa ardhini bila kuyeyuka.

3. Bakteria wa kupaka kwenye mbegu, pamoja na TSP

Nchini Kenya inayofahamika zaidi ni Biofix, inayotengenezwa Nakuru kwa utaalamu uliotoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni pakiti ndogo ya unga mweusi, bei yake haikaribii hata robo ya mfuko wa mbolea. Ukiiongezea TSP (kilo 23 za fosforasi kwa mfuko, naitrojeni hakuna) umepata mpango wa bei nafuu, angalau kwenye karatasi.

Kwa nini basi iko ya tatu? Kwa maharage matokeo yake yanayumba. Udongo wetu mwingi una bakteria wa asili ambao huingia kwenye mizizi kabla ya hao ulionunua, na wengi wao ni wazembe. Soya haina shida hiyo kwa kiasi hicho, ndiyo maana sifa nyingi utakazosikia zinatoka kwa wakulima wa soya. Na pakiti ya soya haifai kwa maharage. Bakteria ni wengine kabisa, soma lebo. Hawa ni viumbe hai: pakiti iliyoanikwa juani mbele ya duka imekufa hata kama tarehe haijaisha. Paka kivulini, panda siku hiyohiyo.

4. NPK 17-17-17

Kilo 8.5 za kila kirutubisho (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa mfuko. Si mbaya, ila unalipia potasiamu ambayo mashamba mengi ya maharage bado hayajaipungukia, huku fosforasi ikiwa kiduchu. Inafaa kama una salio la mbolea uliyonunulia nyanya au viazi.

5. CAN

Hii ni mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, yaani huwekwa mmea ukiwa umeshaota, na haimfai kila mtu. Nitairudia kwenye aina za mbegu.

6. Urea, na SA mwishoni

Urea ina kilo 23 za naitrojeni kwa mfuko. Kwa kilo ya naitrojeni huwa ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo sababu watu huvutiwa nayo. Tatizo ni kwamba harage halihitaji kilo 23. SA (salfeti ya amonia) ina kilo 10.5 za naitrojeni, na salfa, lakini ndiyo inayoongoza kuchachusha udongo. Kama umechanganya maharage na mahindi, usinunue mbolea ya kukuzia maharage kabisa. Yatajichukulia kidogo kutoka kwenye urea ya mahindi.

Mbegu yako ni ya namna gani?

Hapa ndipo ushauri wa jumla unapokosea. Maharage ya kichaka yenye punje kubwa na yanayokomaa mapema, kama Lyamungo 90, Jesca au Selian 97, yana muda mfupi. Vinundu vinaanza kazi, wiki chache baadaye mmea unatoa maua, na maganda yanapoanza kujaa chakula kinaelekezwa huko na vinundu vinazeeka. Aina hizi hukamata naitrojeni kidogo ya hewani na hutegemea zaidi utakachoziwekea. Kwenye shamba lililochoka, ndizo zinazolipa fadhila ya naitrojeni ya nyongeza: nusu mfuko wa CAN kwa ekari, ambayo ni kilo 6.5 za naitrojeni, wiki ya tatu baada ya kuota na kabla ya maua. Maua yakishafunguka, pesa hiyo ipeleke kwenye dawa ya wadudu.

Aina zinazotambaa na zile zinazopanda kwenye miti, ambazo majirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kivu wamezizoea kuliko sisi, hukaa shambani muda mrefu. Zinaendelea kutoa majani huku zikitoa maua, vinundu vinafanya kazi wiki nyingi zaidi, na mavuno yake yanaweza kuzidi ya kichaka mara mbili. Ukizipa CAN unazigeuza kuwa kamba: majani yanafunika mistari, unyevu unakaa chini, magonjwa ya majani yanashamiri, na kukomaa kunachelewa hadi mvua iondoke. Kwa hizi nunua fosforasi, na hela ya CAN inunue miti.

Kisha kuna mbegu ya Bilfa-Uyole. Jina lake linatokana na mpango wa kuchuja maharage yanayovumilia udongo wenye rutuba ndogo barani Afrika. Mwenye uwezo wa kununua nusu mfuko tu wa DAP, na soko lake halibagui rangi, aanzie na mbegu za namna hiyo kabla ya kuwaza kuongeza mbolea. Soko linalobagua rangi ni jambo lingine. Kablanketi hupendwa mno Nyanda za Juu Kusini na bei yake ni nzuri, ingawa mavuno yake si ya kujivunia. Kwa maharage ya bei ya juu hata ongezeko dogo la kilo linaweza kulipa mbolea.

Hesabu hiyo ifanye kabla ya kutoa hela. Tuseme nusu mfuko wa CAN ni shilingi 35,000 na maharage shambani kwako yananunuliwa shilingi 1,750 kwa kilo: unahitaji kilo 20 za ziada kwenye ekari ili tu urudishe gharama, bila kuhesabu kibarua. Lyamungo kwenye udongo uliochoka inaweza kukupa. Shamba lililolimwa mahindi yenye mbolea nzito mwaka jana huenda lisikupe hata nusu yake, maana masalia bado yapo. Kinyume chake, ukifukia mabua mengi ya mahindi muda mfupi kabla ya kupanda, vijidudu vinavyoyaozesha vitaiteka naitrojeni kwanza, na hapo mbolea ya kupandia si ya kujadili.

Ukibaki na shaka kuhusu CAN, wiki ya nne baada ya kupanda ng'oa miche mitano kwa jembe, taratibu, na upasue vinundu kwa ukucha. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi na CAN ibaki dukani. Vikiwa vyeupe au kijani, au havipo kabisa, na majani ni ya njano, weka.

Ukiwa dukani

Pima udongo kwanza kama unaweza. Vituo vya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kama Uyole, Selian na Mlingano ndiyo pa kuanzia kuuliza. Bei za ruzuku, ambazo zimekuwepo tangu msimu wa 2022/2023, ni kwa mkulima aliyesajiliwa, kwa hiyo nenda na namba yako. Tazama mshono wa mfuko: ukiwa umeshonwa mara mbili au uzi wake ni wa rangi tofauti, omba mwingine. Mbolea ya kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa ni rahisi kuchakachuliwa, na DAP iliyochanganywa na kitu kingine huwezi kuijua kwa macho. Chukua stakabadhi yenye jina la mbolea, si "pembejeo" tu.

DAP iliyobaki ifunge vizuri, iweke juu ya mbao mbali na ukuta, itafaa msimu ujao. CAN hunyonya unyevu haraka na kuganda, nunua ya kutumia tu. Pakiti ya bakteria iliyofunguliwa isitunzwe.