Freeplane au Canva? Ramani ya mawazo na bango kwa darasa la wanafunzi 60

Walimu, habari zenu, karibuni. Mezani leo tuna Freeplane ya kuchora ramani za mawazo (wazo kuu katikati, mengine yakitoka humo kama matawi), na Canva ya kutengeneza mabango. Uamuzi tunautoa sasa hivi, ili mwenye data kidogo asilazimike kusubiri hadi mwisho: anzeni na Freeplane, bango lifuate. Darasa linaloanza na bango hutumia kipindi kizima likichagua rangi na picha.

Haya, tazameni skrini. Freeplane ni ya bure, na ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kwa Windows pakueni kisakinishi chenye Java ndani yake, yaani programu saidizi ambayo Freeplane huitegemea. Mkichukua kisicho nayo, na kompyuta ya maabara haina Java, programu haitafunguka, na mtadhani kompyuta ndiyo mbovu.

Vitufe vya kumfundisha mwanafunzi ni vinne tu. Tab huzaa tawi dogo, Enter huzaa tawi ndugu, F2 husahihisha maneno, na kitufe cha nafasi hukunja tawi au kulikunjua. Mengine yote kwenye menyu yaacheni. Ni mengi mno na yamesongamana vibaya.

Tuchukue somo la jiografia: maporomoko ya ardhi Bududa, mashariki mwa Uganda, yale ya Machi 2010. Kichwa kinakaa katikati, halafu matawi makuu manne: sababu, madhara, uokoaji, kinga. Sheria ni moja, na msiilegeze: tawi moja, neno moja au mawili. Mwanafunzi anayeandika “mvua kubwa iliyonyesha mfululizo ilisababisha udongo kulegea” amenakili kitabu. Mwambieni abakize “mvua”. Hapo swali linajitokeza lenyewe: mvua hunyesha sehemu nyingi za Uganda, mbona mlima haukuporomoka kila mahali? Sasa analazimika kutafuta “mteremko”, “udongo” na “miti iliyokatwa”. Kisha avute mshale wa kuunganisha kutoka “mashamba” hadi “miti iliyokatwa”, aeleze kwa mdomo kwa nini ameuvuta. Mshale huo ndio tungeutolea alama nyingi zaidi kuliko kitu kingine chochote kwenye ramani.

Mkiwa na kompyuta 12 kwa wanafunzi 60, kila moja inapata watano. Kibodi ihame kila baada ya dakika 8. Kipindi cha dakika 40 kikiisha, kila mmoja ameishika. Bila saa ya kuwahimiza, anayejua kuchapa ataing'ang'ania hadi kengele.

Mwisho wa kila kipindi hifadhini nakala mpya: bududa-1, bududa-2, bududa-3. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze Uganda 2020, kazi za darasani na miradi zina uzito, asilimia 20 ya UCE (mtihani wa kumaliza sekondari ya chini), na nakala hizo zinaonyesha mawazo yalivyokua. Mafaili yenyewe ni mepesi mno, ya shule nzima yanaenea kwenye flashi moja.

Kasoro sasa. Sura yake imezeeka, hilo halifichiki. Kubwa zaidi ni picha: Freeplane haiibebi picha ndani ya faili, inakumbuka tu mahali ilipo. Mkihamisha faili kwenye flashi bila picha zake, mtafungua kwingine mkute nafasi tupu. Dawa ni folda moja ya ramani na picha pamoja, na picha ziwekwe humo kabla ya kuziingiza.

Coggle, chombo kingine cha ramani za mawazo, inaruhusu watu kuchora pamoja kwa wakati mmoja, lakini mtandao ni lazima, na akaunti ya bure ina ramani 3 tu za faragha. Tuipite.

Canva ina toleo la bure kwa walimu wa msingi na sekondari, ila lazima uthibitishe kwamba wewe ni mwalimu. Ombeni kabla muhula haujaanza. Udhaifu wake ni mtandao: kompyuta 12 kwenye ruta moja, zote zikipakia picha, na kipindi kimekwisha. Kila kundi lilete ramani iliyokamilika, maneno yasiyozidi 60 na picha mbili. Na picha zisipitie WhatsApp kama picha za kawaida, kwa sababu hubanwa na kwenye karatasi zitatoka na ukungu. Zitumwe kama hati. Mtandao ukigoma kabisa, LibreOffice Draw, programu ya bure ya kuchora, inafanya kazi hiyo bila intaneti, japo haina madoido.

Kuchapa ndiko kunakoharibu kazi za watu. Pakueni PDF, msichukue JPG, maana herufi za PDF hubaki kali hata zikikuzwa. Printa ya A4 inatosha kutoa bango kubwa: ifungueni PDF katika Adobe Reader, na kwenye dirisha la kuchapisha chagueni “Poster”. Kwa bango la A4, wengi huweka ukubwa wa asilimia 200 wakitegemea karatasi 4. Printa haichapi hadi ukingoni, na karatasi hupandana kidogo, basi zinatoka 9, nyingine zikiwa na ukanda mwembamba tu wa rangi. Wekeni 185 hivi, kisha mhesabu karatasi kwenye onyesho la awali kabla ya kubofya. Kateni ukingo mweupe wa karatasi moja tu kila zinapokutana, na ule wa pili ndio upakwe gundi.